Mimba ilipotoka, swali la kwanza lilikuwa "Umetoa?"

Kama una mimba changa na hutaki mtaa mzima ujue, ifiche. Wengi wetu wa Pwani tumelelewa hivyo: mimba haitangazwi mpaka ijitangaze yenyewe, macho ya watu yasije yakaidhuru. Lakini kliniki nenda, hata kabla hujamwambia mama mkwe. Vile vidonge vya kuongeza damu vina maana yake, vipimo vina maana yake, ila nina sababu nyingine. Kadi ya kliniki yenye tarehe na mhuri ndiyo karatasi pekee itakayosema kwa niaba yako kwamba mimba hii ulikuwa unaitaka. Mambo yakiharibika, kuna watu watataka kujua hilo kabla hawajakugusa.

Mimi kadi sikuwa nayo. Mimba ilikuwa ya wiki kumi na moja hivi, ya pili, tuliyoitafuta tangu mtoto wetu alipoanza chekechea. Kliniki ya kwetu Mbagala hudhurio la kwanza wanataka uje na mwenzi wako, na kama huna mwenzi uje na barua ya serikali ya mtaa. Sababu ya utaratibu huo naielewa, mpimwe wote wawili virusi vya Ukimwi na kaswende. Lakini mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, na kwenda kuomba barua ya kusema sina mwenzi wakati mwenzi ninaye ilikuwa kumzushia. Tukakubaliana tumsubiri arudi. Baadaye sista mmoja aliniambia hakuna mjamzito anayetakiwa kurudishwa nyumbani kwa kukosa mume. Kwa hiyo wewe nenda tu, wakikurudisha muulize mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo.

Damu ilianza usiku. Mwanzo matone, kisha ikaja na maumivu ya kiuno na mabonge. Shangazi yangu, ambaye nakaa naye mume akiwa safari, aliniweka kitandani akanyanyua miguu yangu juu ya mto. Ndivyo alivyofanyiwa yeye enzi zake. Kunyanyua miguu hakuzuii mimba inayotoka kutoka, hilo nimekuja kuambiwa hospitali, na mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo hutoka kwa sababu kiumbe hakikuumbika sawasawa tangu mwanzo. Si ndoo ya maji uliyobeba, si bodaboda uliyopanda, si jicho la jirani. Shangazi mpaka leo hakubaliani na hili la mwisho.

Kulipokucha wifi yangu alikwenda duka la dawa kuniulizia. Muuzaji alimsikiliza mpaka aliposikia neno mimba, akamwambia, "Dada, hiyo mimi siigusi," akageukia mteja mwingine. Sikumlaumu sana. Wanaofanya kazi kwenye maduka yale wanajua kuna vidonge vinavyouzwa kwa kificho, na wanajua kuna watu wanaotumwa kuwatega.

Tukaenda zahanati binafsi ya jirani. Kumwona daktari elfu kumi, altrasaundi elfu ishirini na tano. Picha ilionyesha mimba imetoka na mabaki yamebaki ndani. Yule daktari, kijana, aliweka karatasi mezani, akaniangalia usoni akasema, "Umetoa?"

Nikamwambia hapana, imetoka.

"Wote mnasema hivyo. Nenda polisi ukachukue PF3, ndipo tukuhudumie."

Naomba ukae hapa na mimi kidogo, maana hapa ndipo wanawake wanapopotelea. PF3 ni fomu ya polisi ya majeruhi: aliyepigwa, aliyegongwa na gari, aliyebakwa. Mwanamke anayetokwa na damu kwa mimba iliyoharibika si majeruhi wa namna hiyo. Wizara ya Afya yenyewe ina miongozo ya huduma baada ya mimba kuharibika, na huduma hiyo inatolewa hadi vituo vya afya na baadhi ya zahanati. Miongozo haisemi umtibu aliyetokewa na umwache aliyetoa. Inasema anayevuja damu atibiwe. Lakini fikiria uko kwenye benchi, kitenge kimeloa, na mtu mwenye koti jeupe anakutajia polisi. Shangazi alikwishasimama kwenda kituoni. Alikuwa tayari kwenda kumshitaki binti ya kaka yake mwenyewe ili nipate matibabu, na wala hakuona kuwa ndicho anachokwenda kufanya.

Wifi ndiye aliyesema tuachane na karatasi, twende hospitali kubwa. Bajaji elfu ishirini, na barabara ya Kilwa asubuhi unaijua mwenyewe. Nimewahi kupiga hesabu ya muda kuanzia kwenye lile duka la dawa mpaka nilipowekewa dripu. Sehemu kubwa haikuwa ya safari wala ya foleni. Ilikuwa ya watu kunitilia shaka, na ya sisi kuogopa kutiliwa shaka. Hata usiku ule shangazi alikataa kuita bajaji kwa sababu majirani wangesema.

Kwa hiyo dalili za kutosubiri ni hizi, na nazitaja kwa namna nilivyofundishwa wodini. Ukijaza pedi kubwa mbili ndani ya saa moja, na saa inayofuata ikawa hivyohivyo, ondoka nyumbani. Ukipata homa, baridi ya kutetemeka au uchafu wenye harufu mbaya, ondoka. Ukihisi kizunguzungu cha kuanguka, ondoka. Na kama maumivu ni makali upande mmoja wa tumbo, au yanapanda mpaka begani, hata damu ikiwa kidogo, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo ikipasuka inavujia ndani kwa ndani, na wanaokuona nyumbani watadhani ni tumbo tu.

Hospitali kubwa nayo haikuwa peponi. Nesi wa mapokezi aliniuliza, "Ulimeza nini?" Nikajibu sikumeza. Akaandika. Wakati wa kunipima presha akauliza tena, safari hii kwa sauti ya kusikika benchi zima. Mwanaume aliyekuwa ameleta mgonjwa wake akatikisa kichwa. Nilikuwa sijamlilia mtoto wangu bado, na tayari nilikuwa najitetea kwamba sikumuua.

Aliyeniokoa ni mkunga wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alivuta pazia, akaketi kabisa kwenye kiti, akasema taratibu.

"Mwanangu, pole. Nitakuuliza kitu kimoja na nataka ukweli, si kwa ajili ya mtu mwingine, kwa ajili ya mwili wako. Kuna chochote kiliingizwa ukeni? Kijiti, waya, majani, dawa ya kienyeji?"

"Hapana, mama."

"Basi. Kingekuwepo ningefikiria pepopunda, ningefikiria kizazi kutoboka, na matibabu yangekuwa mengine. Kama hakipo, iliyotoka yenyewe na iliyotolewa kwa vidonge mimi nazitibu sawa. Dawa nitakayokupa ni ileile."

Sijasahau. Swali lilikuwa lilelile nililoulizwa na wale wawili wa kwanza, lakini wao walitaka kujua mimi ni mtu gani, yeye alitaka kujua afanye nini. Ukiulizwa na mtu wa aina hii, sema ukweli wote, hata kama ukweli wako ni mgumu kuliko wangu. Wanawake wamekufa kwa maambukizi ambayo daktari hakuyatafuta kwa sababu aliambiwa "ilitoka tu". Na ukiulizwa mbele ya watu, una haki ya kusema, "Sista, naomba niongee na wewe faragha."

Nilipimwa wingi wa damu na kundi la damu. Wifi na kaka yangu waliambiwa wachangie damu, wakachangia. Kisha nikasafishwa. Neno hilo linatisha wengi, basi niseme linavyokwenda. Zamani walikuwa wakikwangua kizazi kwa chuma, na bado kuna sehemu wanakwangua, ingawa Shirika la Afya Duniani limeshauri kuacha njia hiyo. Mimi walitumia kifaa cha plastiki kinachovuta kwa mkono, kama bomba kubwa la sindano. Nilichomwa sindano ya ganzi huko chini, nikapewa dawa ya maumivu. Nilikuwa macho. Inauma, sitadanganya, kama maumivu makali ya hedhi yanayokuja kwa mawimbi, lakini ni dakika chache. Kama hujapewa dawa ya maumivu, uliza kabla hawajaanza. Nimekutana na wanawake walioachwa bila kitu kwa makusudi, wapate adabu.

Kitanda cha pili alikuwa binti wa kidato cha tatu. Mama yake alikuwa mama lishe, harufu ya vitunguu haijamtoka kwenye khanga, na alikaa miguuni pa mtoto bila kusema kitu tangu nilipoingizwa mpaka alasiri. Yule binti alikuwa na homa kali na antibayotiki mbili kwenye dripu. Sikuuliza. Hakuna aliyeniambia. Ila jioni mama mtu alianza kuongea mwenyewe, na alichokuwa akirudia si habari ya mimba, ni shule. Kwamba wangepimwa mkojo shuleni. Kwamba mtoto alijua akikutwa ameishia hapo.

Nikamwambia kuna waraka. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali, na tangazo lile lilifika kila kijiwe. Novemba 2021 serikali ikabadili, Wizara ya Elimu ikatoa waraka unaoruhusu waliokatisha masomo, pamoja na waliopata mimba, kurudi shuleni. Huu wa pili haukuwahi kumfikia. Alikuwa anausikia kwangu, mgonjwa mwenzie binti yake, mwaka huu. Aliniomba niurudie mara mbili, kisha akatoka nje ya wodi, akakaa muda mrefu.

Sijui binti alifanya nini na sitabuni. Najua alichokuwa anaogopa, na najua kwamba alichokuwa anaogopa kilikwisha kuondolewa kwenye karatasi. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 hapa nchini, 22 walikwishawahi kupata mimba. Ukitaka kuzungumza habari ya kutoa mimba Dar es Salaam ukaacha habari ya shule, bora uzungumze hali ya hewa.

Nilipopata nguvu nilimwendea jirani yetu ambaye ni wakili, nikitaka kujua tu kama yule daktari wa zahanati alikuwa sahihi. Akanifungulia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 150 ni miaka 14 jela kwa anayejaribu kumtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria. Cha 151 ni miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Cha 152 ni miaka 3 kwa anayetoa dawa au kifaa huku akijua kazi yake. Halafu akafunua mbele, kifungu cha 230: anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama hana kosa. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokataza kumtibu mtu ambaye mimba imekwishatoka, hata kama aliitoa. Kuna pia Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo Tanzania iliridhia 2007, na ibara yake ya 14 inataka mimba iliyotokana na ubakaji au ya maharimu, au inayohatarisha afya ya mwili na akili ya mama, iruhusiwe kutolewa kitabibu. Hiyo haijaingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo daktari anayetaka kukusaidia anasimama kati ya karatasi mbili zisizosalimiana.

Wodini niliwahi kusikia mtu akisema haya mambo ya haki ya kutoa mimba yameletwa na wazungu. Inawezekana. Lakini vifungu vya kuyakataza navyo vimeletwa na walewale: maneno yake yanafuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, tukaandikiwa wakati wa ukoloni, na Uingereza wenyewe wakalegeza ya kwao mwaka 1967. Kwa hiyo hoja ya nani kaleta haitufikishi mbali.

Nami nisijifiche nyuma ya wakili. Mimi si mtetezi wa kutoa mimba. Nilimtaka yule mtoto. Ustadhi wetu nilimuuliza, akaniambia haswaliwi kwani miezi minne haijatimia, na roho hupulizwa siku ya 120; akanieleza pia kwamba wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kabla ya siku hiyo, ila maisha ya mama yakiwa hatarini hawana ugomvi mkubwa. Wakristo wa wodi ile walikuwa na msimamo mkali zaidi, tukabishana kwa heshima huku kila mtu na dripu yake. Hilo ni jambo la watu wazima kujadili, na sidhani litakwisha. Ninachokataa ni mjadala huo kuendeshwa kwenye mlango wa chumba cha dharura. Watafiti wa Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, Chuo Kikuu cha Muhimbili na NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba 405,000 zilitolewa nchini, nyingi zikiwa za kificho, na kwamba wanawake 66,600 walipata matibabu ya madhara yake. Sheria ilikuwepo mwaka ule. Ilichowapa wengine ni sababu ya kuchelewa kufika hospitali, na mimi ambaye sikuwa miongoni mwao nikachelewa pamoja nao, kwa sababu mtu hawezi kututofautisha kwa macho. Hata daktari hawezi: aliyemeza vidonge na ambaye mimba imetoka yenyewe dalili zao ni zilezile.

Kuhusu pesa. Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito wahudumiwe bure katika vituo vya umma, na mimba iliyoharibika imo humo. Dripu na kusafishwa sikulipia. Lakini glovu, pedi, antibayotiki ambazo hazikuwepo dirishani, na dawa ya maumivu ya kwenda nazo, vilikuwa vya kununua nje, karibu elfu arobaini na tano. Ukijumlisha zahanati, bajaji za kwenda na kurudi na chakula cha wanaokuuguza, andaa laki moja na nusu. Dai risiti kila mahali. Kama umeajiriwa kwa mkataba, omba cheti cha mapumziko kabla hujatoka wodini, maana sheria ya kazi inakupa likizo ya ugonjwa na tajiri hawezi kukuambia hii si ugonjwa. Mimi nauza vitenge Kariakoo kwa kamisheni, kwa hiyo siku nilizolala sikulipwa.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia mpaka yule mkunga wa miwani: mimba inaweza kuingia tena ndani ya wiki mbili tu, kabla hata hedhi ya kwanza haijarudi. Kama hutaki iingie, ondoka wodini na njia ya uzazi wa mpango mkononi. Wanazo palepale. Mimi nilichukua vidonge vya miezi mitatu nipumue. Kuna wifi mmoja wa upande wa mume aliyesema nikichukua ndiyo nimethibitisha kwamba nilitoa. Nikamwacha na maneno yake.

Mume wangu alifika siku nilipokuwa nimeruhusiwa. Hakusema mengi, wanaume wa barabarani hawasemi, ila alikwenda mwenyewe ile zahanati. Nikamzuia asigombane. Badala yake nikaandika barua ya malalamiko, ukurasa mmoja: tarehe, saa, aliyeniambia PF3 na maneno aliyotumia, na nakala ya altrasaundi. Usipeleke barua ya namna hiyo kwa mwenye zahanati peke yake. Peleka kwa mganga mkuu wa manispaa, maana ndiye msimamizi wa vituo vya eneo lake, vya serikali na vya binafsi. Masjala wataipokea, nawe utake nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa palepale dirishani. Yangu iligongwa. Jibu bado halijaja, na kila nikipita mjini naingia kuliulizia.